Kisomaji Kimoja kwa Kila Kitanda

Skrini ilisema moyo wa mtoto wa kitanda cha tatu umesimama, na mtoto mwenyewe alikuwa akirusha mateke. Muuguzi mkuu alimtazama mtoto, akaitazama skrini, kisha akanigeukia mimi niliyeiandika programu.

“Dada, nimwamini nani?”

Alisema mitambo yetu ya kupima mapigo itang'olewa saa kumi jioni, kwa sababu wauguzi wake wakishazoea kengele za uongo, siku ya kengele ya kweli hawatanyanyuka.

Kosa nililijua. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwonyesha mkuu wetu wa kazi, tuliyempachika jina la Breki kwa jinsi alivyosimamisha kila badiliko. Programu ilipowashwa ilikabidhiwa vyote ilivyohitaji, vikiwa vimeshaundwa, kikiwemo kisomaji kimoja cha mapigo kwa wodi nzima. Mapigo ya watoto wawili yakifika pamoja, kisomaji kinachanganya nani ni nani, na mmoja anabaki kama hana mapigo. Nilitaka tuikabidhi kiwanda, yaani kipande cha programu kinachounda visomaji, badala ya kisomaji chenyewe: mkataba mfupi wa msimbo wenye ahadi moja, kwamba ukitaja namba ya kitanda utaundiwa kisomaji kipya, cha kitanda hicho peke yake. Breki alinijibu kwamba kinachofanya kazi hakiguswi.

Mchana ule nilimpigia simu kutoka kwenye korido. Sikuomba ruhusa. Nilimwambia naanza kuibadilisha.

Niliandika nikiwa sakafuni, kompyuta mapajani, mgongo kwenye kabati la mashuka. Mkataba ulichukua mistari mitatu. Kwanza niliipa programu kiwanda cha kuigiza, chenye mapigo ya kubuni, vitanda kumi na viwili kwa mkupuo. Hakuna kilichochanganyika. Ndipo nikaweka kiwanda cha kweli.

Saa tisa na nusu tukawasha. Muuguzi alizunguka kitanda hadi kitanda na stetoskopu, midomo ikihesabu, macho yakirudi kwenye skrini. Alipomaliza cha kumi na mbili aliivua masikioni, akacheka kicheko kikubwa, mpaka mama mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka na kucheka naye bila kujua sababu.

“Iacheni hapo hapo,” alisema.

Breki alifika akihema kwa ngazi. Aliisoma ile mistari mitatu mara mbili, kisha akavuta kiti cha plastiki na kuketi kando yangu.

“Nieleze tangu mwanzo,” alisema. “Polepole.”

Nikamweleza, na sikuharakisha hata neno moja.