Wimbo wa Chuo na Mwenye Wimbo

Mwaka 1956 chuo chetu cha walimu, huko upande wa Ushirombo, kilitimiza miaka ishirini na mitano, na Padre Mkuu akanipa kazi ya kuandika historia yake. Alisema amenichagua kwa kuwa ndimi mwalimu niliyekaa pale muda mrefu kuliko wenzangu. Mimi nilisikia kwamba amenichagua kwa kuwa nina kipaji.

Jina langu ni Clemens, mzaliwa wa Nyahanga, karibu na Kahama. Wakati huo nilikuwa na suti moja, miwani ambayo sikuihitaji sana, na sifa tatu nilizozieneza mwenyewe: kwamba niliingia chuoni nikiwa wa kwanza katika mtihani, kwamba walimu wa zamani walinipenda kupita kiasi, na kwamba wimbo wa chuo niliutunga mimi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonipa heshima. Kila Jumatatu wanafunzi mia moja na ishirini waliuimba wakiwa wamesimama wima, nami nikiwa mbele yao natikisa fimbo, nimefumba macho kama mtu anayeteswa na uzuri wa kazi yake.

Nyaraka zilikuwa katika stoo nyuma ya kanisa, ndani ya masanduku manne ya bati. Mchwa walikuwa wamekwisha kula barua nyingi za miaka ya mwanzo, lakini madaftari ya majina ya wanafunzi yalikuwa salama. Nilianza na mwaka 1941, mwaka wangu. Mwanahistoria mwingine angeanza mwanzo.

Jina langu halikuwa la kwanza. Wala halikuwa la kumi. Walichaguliwa wanafunzi thelathini, nami nilikuwa wa thelathini na moja, chini ya mstari mwekundu. Pembeni palikuwa na maneno machache: kijana aitwaye Januari Maduhu amekwenda Songwa kutafuta almasi, nafasi yake apewe Clemens. Nilisoma mara tatu, nikijaribu kuamini kwamba palikuwa na Clemens mwingine. Hakuwepo. Kumbe elimu yangu yote niliipata kwa sababu mtu mmoja alipenda almasi kuliko chaki.

Nililifunga daftari hilo, nikajiambia kwamba historia haihitaji kila kitu kidogo.

Sanduku la tatu lilikuwa na shajara ya padre wa kwanza, Mzungu aliyekwisha kurudi kwao. Aliiandika kwa Kiswahili ili ajizoeze lugha, na makosa yake yalikuwa mengi. Nilianza kuyasahihisha kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa, nikiona raha. Ndivyo nilivyofika kwenye siku moja ya Juni 1942 nikiwa na penseli mkononi. Aliandika hivi: "Leo mpishi Mektilda ameimba akitwanga mahindi. Wimbo mzuri sana. Nimemtuma mwanafunzi Clemens aandike maneno, tupate wimbo wa chuo. Clemens ameleta beti mbili."

Hapo sikusahihisha kitu.

Nikakumbuka, ingawa si kwa kupenda. Nilikumbuka jiko, vumbi la unga, na karatasi juu ya goti langu. Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye shajara, kwa mwandiko wangu. Nadhani mwandiko ndio ulionidanganya. Mwaka wa kwanza nilisema niliuandika wimbo, na hilo lilikuwa kweli. Mwaka wa pili nikasema niliutunga. Kufikia mwaka wa tano ningeweza kuapa.

Na Mektilda alikuwa bado jikoni. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akinisikia kila Jumatatu, hatua ishirini kutoka uwanjani, akichochea uji.

Siku tatu nilitafuta namna ya kuandika sura hiyo bila kusema uongo na bila kusema kweli. Sikuipata. Siku ya nne nilivaa suti, nikaenda jikoni. Nilimwamkia Mektilda kwa jina la mwanawe, shikamoo, Mama Serafina, naye akaitikia marahaba bila kuacha kuchambua maharage. Nikamweleza nilichosoma. Nilizunguka sana, nikataja nyaraka, ushahidi na wajibu wa mwanahistoria, mpaka akaniuliza kama nimekuja kuomba uji.

Nikamwambia kwa kifupi: wimbo ni wake, nami nimekuwa nikisema ni wangu.

Alisema analijua hilo. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kunisema. Akajibu kwamba aliona nimefurahi sana.

Kisha akataka kujua jambo moja. Alikuwa amesikia kupitia dirishani nikiwafundisha wanafunzi maana ya wimbo. Unaanza hivi:

Jiwe jiwe, fungua kifua,
mkono wangu haujachoka;
ulichoficha nitakichukua
kabla giza halijashuka.

Kila mwaka nilitumia kipindi kizima kueleza kwamba jiwe ni ujinga, mkono ni bidii, na giza ni upagani. Niliwahi hata kuwatungia mtihani.

"Mwalimu," akasema Mektilda, "jiwe ni jiwe."

Akanieleza kwamba wimbo aliutunga Nyarugusu, alikokuwa na mumewe, Herman. Herman alichimba, na yeye alitwanga mawe kwenye kinu cha chuma ili watafute dhahabu. Aliutunga kwa Kiswahili kwa kuwa waliotwanga pamoja naye walitoka kila upande. Mwaka 1939 shimo lilimfunika Herman, na mwili haukutolewa. Ndipo alipoongeza ubeti wa tatu.

Sikujua kuna ubeti wa tatu.

"Ulisikia kengele ya chakula," akasema. "Ukaondoka."

Akauimba palepale, kwa sauti ndogo, mikono ikiwa kwenye ungo:

Jiwe jiwe, umemlaza Herman,
blanketi lake li mlangoni;
dhahabu kaa nayo, sina tamaa,
nirudishie wa nyumbani.

Niliandika kwa taabu, maana miwani ilikuwa imepata ukungu. Nilisema ni moshi wa jikoni. Hakubisha.

Siku ya sherehe nilisoma historia mbele ya wageni wote. Nilisoma kuhusu mstari mwekundu, na wanafunzi wangu wakacheka kwa furaha ambayo sijawahi kuwapa kwa kuwafundisha. Nilisoma kuhusu wimbo, na hapo hawakucheka. Mektilda alikataa kuja mbele; alisimama mlangoni pa jiko, khanga begani. Wanafunzi waliimba beti zote tatu. Nilikuwa nimewaomba waimbe bila mimi kutikisa fimbo, na sauti zilikwenda vizuri zaidi, jambo lililoniuma kidogo.

Vitabu vilipotoka kuchapwa nilimpelekea kimoja. Hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe mahali palipoandikwa Herman. Nikamwonyesha. Aliweka kidole hapo, kisha akauliza kama jina hilo litabaki katika masanduku ya chuo hata sisi tukiisha kufa. Nikamwambia litabaki, na kwamba nimekwisha kuweka majivu na majani ya mwarobaini kuzuia mchwa.

Akakifunga kitabu ndani ya khanga. Mimi nikaenda darasani, kwani kipindi cha hesabu kilikuwa kimeanza zamani.