Mashine Iliyougua Chumbani kwa Mama Mkwe

Hasira zangu ziko karibu, na sifichi. Mteja akiniletea kompyuta iliyomwagikiwa chai, halafu aape kwamba haijaguswa hata na tone la maji, namwambia peupe kwamba ananidanganya. Ndivyo ninavyofanya kazi hapa Mbumbuni, na watu wamenizoea. Mwalimu mmoja wa Kiswahili huniambia kitu hicho kinaitwa kipakatalishi. Mimi nakiita mashine, na mashine hainidanganyi kama wenyewe.

Lakini kuna mteja mmoja ambaye sikuweza kumfokea, wala kumuuliza swali, wala hata kumtazama usoni. Huyo ni Syokau, mama mkwe wangu.

Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, ni haya, na wakati mwingine ni usumbufu mtupu. Mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe, na wakikutana njiani kila mmoja hupata ghafla sababu ya kupita upande wake. Siku hizi wengi wamelegeza. Wako wanaokula meza moja na mama mkwe na kuombana chumvi. Syokau hakulegeza hata kidogo. Maneno yake hunifikia kupitia kwa mke wangu Nduku, hata nikiwa nimesimama nyuma ya mlango na nimeshayasikia yote.

Na nampenda mama huyu, nisiseme uongo. Mwaka tuliooana niliugua homa ya matumbo, na kila asubuhi nilikuta uji wa wimbi mlangoni, moto bado. Aliyeuleta alikuwa ameshaondoka.

Sasa mama huyo, baada ya kulea watoto na kumzika mume, alijiandikisha katika chuo cha Biblia cha kusoma kwa mtandao. Kanisa lao kule Kalamba lilikuwa limekaa muda mrefu bila mchungaji, na wazee walikubali kwamba akifuzu watamweka yeye. Mtihani wa mwisho ulitakiwa ufanywe kwa kompyuta, kamera ikiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Simu hawakukubali. Syokau akaanza vizuri, akafika katikati ya swali la Waraka kwa Warumi, skrini ikawa bluu yote. Kikatokea kiuso kilichonuna, na chini yake Kiingereza cha kusema mashine imepata tatizo. Chuo kikampa nafasi moja tu ya mwisho. Ikizima tena, basi, na wazee wangetafuta mchungaji kwingine.

"Mwaitu anasema mashine imehuzunika," Nduku aliniambia akiiweka mezani kwangu. Mwaitu ndiyo mama. "Anasema ameiombea."

"Mwambie aendelee na maombi, mimi niendelee na skrubu."

Niliifungua. Ndani vumbi tele, ila mashine gani ya huku haina vumbi? Nikalipuliza, nikasafisha feni, nikatoa memori na kuisugua meno kwa kifutio cha shule. Nikaiacha icheze video dukani kutwa nzima, haikukohoa. Nikairudisha Kalamba nikijisifu. Haikumaliza wiki kabla ya kununa tena.

Nikailaumu Windows, nikaiweka upya. Ikanuna. Nikaulaumu umeme wa sola, nikanunua kifaa cha kuutuliza. Ikanuna. Safari hiyo nilipofungua niliona vumbi limerudi upya, tena la kijivu, laini kama unga, na udongo wa Kalamba ni mwekundu. Nikadhani ni saruji ya nyumba. Mwishowe nikampelekea mashine yangu mwenyewe ya dukani, ambayo sijawahi kuiona ikiwa bluu tangu nianze kazi. Nayo ikaenda kule, ikakaa kidogo, ikanuna.

Hapo nilikasirika kwelikweli, nikaandamana na Nduku hadi Kalamba, nikasimama uani.

"Nduku, mama anafanya nini na hizi mashine? Anazipikia?"

"Usiongee hivyo kuhusu mama."

"Si mashine ni mbili na ugonjwa ni mmoja? Shida iko kwa hiyo room. Hebu ingia uangalie."

Syokau aliiweka kompyuta chumbani mwake kwa sababu sebuleni kuku huingia watakavyo. Nduku akaingia, akatoka.

"Iko juu ya meza. Kuna kitambaa kisafi, kuna kiti, kuna magunia ya ndengu. Hakuna kitu."

"Basi nipigie picha nione."

"Picha ya chumba cha mama? Kaloki! Kitanda cha mama kikae kwa simu yako?"

Nikairudisha simu mfukoni. Ndio ugumu wa kutibu mgonjwa ambaye huruhusiwi kuingia wodini.

Asubuhi ya mtihani nilifika Kalamba na mfuko wangu wa vifaa, nikakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nilikuwa nimeisafisha mashine yake upya juzi yake, na sikuwa na hila nyingine. Ndani, Syokau akaiwasha kuijaribu. Niliisikia ikilia kengele yake ya kuamka. Nikamsikia akichapa polepole. Kisha kukawa kimya, na kimya kile nilikielewa: imenuna tena.

Nilimngoja Nduku atoke aniambie. Badala yake nikasikia sauti nyingine kutoka dirishani.

"Baba Kanyiva. Ingia."

Kanyiva ni binti yetu. Nduku, aliyekuwa mlangoni, alinitazama kama mtu aliyeona mvua katika kiangazi cha Agosti. Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikaingia.

Syokau alikuwa amesimama kando ukutani, uso ameuelekeza dirishani. Mimi nami nitazame wapi? Huku kitanda, huku nguo zake zimetundikwa. Nikatazama sakafu, mahali pekee pa adabu. Na sakafuni, kila mguu wa meza ulikuwa umezungushiwa jivu.

Nikaufuata mguu mmoja kwa macho hadi juu. Pembeni mwa kitambaa, jivu. Nikainua mashine. Chini yake kulikuwa na jivu limepapaswa vizuri, limelala sawasawa kama tandiko.

Msomaji wa mbali aelewe: huku kwetu ndengu huwekwa na jivu ili fukusi wasiziingie. Mama yangu hufanya hivyo, na bibi yangu alifanya hivyo. Nduku alikuwa ameliona jivu lile mara zote alizoingia, akaniambia hakuna kitu, na hakudanganya. Jivu chini ya kitu cha thamani halimshtui mtu wa huku kwetu Makueni. Hata mimi ningeliona kwa mama yangu ningepita tu.

"Mwaitu," nikasema, macho yakiwa kwenye kidole changu cha kijivu. Sikuwahi kumsemesha hivyo tangu nimwoe binti yake. "Hii ni ya nini?"

"Ni ya wadudu," akaliambia dirisha. "Sisimizi walikuwa wameanza kuja. Na hiyo kitu umeitengeneza na mikono yako, mimi niwachie wadudu? Kila ukiirudisha naongeza ingine."

Hasira niliyokuwa nimeiweka akiba majuma yote yale niliitafuta, sikuiona. Kumbe mama wa watu alikuwa ameihifadhi kazi yangu kama mbegu ya msimu ujao. Nikakipangusa kidole kwenye suruali.

"Hii mashine inapumulia tumbo, Mwaitu. Inavuta hewa kutoka chini."

Akafikiri.

"Kwa hivyo nimekuwa nikiilisha jivu."

"Kidogo tu."

"Baba Kanyiva, usinidanganye kwa nyumba yangu."

Nduku akaangua kicheko mlangoni. Mabega ya Syokau yakaanza kutikisika, bado ameangalia dirisha, na nikajikuta nacheka nikiwa nimeinamia sakafu. Tulicheka watatu bila hata wawili kuangaliana, huku saa ya mtihani inakuja.

Nilitoka na mashine mbio. Jirani akatoa pampu ya baiskeli, nikaifungua uani na kuipulizia kila tundu hadi nikawa mweupe nyusi. Nduku alifukuza kuku sebuleni na kupangusa meza. Nikaiinua mashine juu ya vipande viwili vya mbao ili tumbo lake lipate hewa, nikaiwasha, nikawaachia Mungu na Syokau. Sharti la chuo lilikuwa mtahiniwa akae peke yake, kwa hiyo mimi nilikwenda nyuma ya nyumba na kuegemea ukuta wa sebule.

Kutoka pale nilimsikia akichapa. Anachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, na kila alipotulia moyo wangu uliruka. Mimi si mtu wa maombi marefu. Siku ile niliombea feni. Nilimwambia Mungu kwamba kama kuna kosa la jivu, anihesabie mimi niliyelipuliza mara zote hizo bila kuliuliza limetoka wapi.

Haikununa. Alipomaliza alipiga kigelegele kimoja kifupi, halafu akamtuma Nduku aniletee chai.

Akafuzu. Wazee wakatimiza neno lao, na Jumapili ya kuwekwa wakfu kanisa la Kalamba lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Alihubiri kwa Kikamba, kwa sauti ambayo mimi nilikuwa nimeizoea kupitia mlango. Ibada ilipoisha, mchungaji mpya akasimama mlangoni kuwapa waumini mkono mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Nikaona hapo hapanifai. Nikajichomoa kwenye foleni na kuelekea mlango mdogo wa wanakwaya.

"Baba Kanyiva! Watu wanatokea huku."

Foleni ikasimama. Nikarudi, macho kwenye sakafu ya kanisa, hadi nikaona viatu vyake vyeusi vipya mbele yangu. Mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Mzee mmoja akakohoa na kugeukia ukuta.

"Mwaitu," nikanong'ona, "nthoni je?"

"Mama mkwe wako yuko nyumbani anapika," akasema. "Hapa unaongea na mchungaji."

Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, cha mtu wa jembe, na hakukiondoa upesi.