Saini ya Jirani wa Kaskazini

"Arobaini na moja, arobaini na mbili, aro—" Bonifasia akatumbukia mpaka magotini kwenye ngoro, shimo la kulimia la mlimani, kamba ya kupimia ikamponyoka.

"Wifi, hiyo ya tatu niiandike au ni ya shimoni?" Aurelia aliuliza, daftari pajani.

"Andika! Na shimo ni langu."

Wakacheka mpaka machozi. Tangu asubuhi walikuwa wakicheka ovyo, kwa woga zaidi kuliko furaha. Mahakama ya Mwanzo ilimpa Wilfred, mdogo wa marehemu Victor, shamba la kahawa ambalo Aurelia na mumewe huyo walilihudumia miaka kumi na tisa. Ni ardhi ya ukoo, ilisema hukumu. Aurelia akakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku zake thelathini, akadhani amemaliza. Karani akamweleza taratibu kwamba rufaa peke yake haimzuii mshindi kuingia shambani. Inabidi aombe utekelezaji wa hukumu usimamishwe, na alete mdhamini mwenye mali isiyohamishika, isiyohusika na kesi. Mwisho Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano, na kahawa imeanza kuiva.

Mdhamini alijileta mwenyewe. Ni huyu Bonifasia, dada mkubwa wa Victor na wa Wilfred pia, aliyeweka dhamana shamba hili la maharage alilogawiwa na baba yao. Ilibaki barua ya kijiji, yenye vipimo na saini za majirani wa pande zote nne.

"Mashariki nani?" Aurelia aliuliza.

"Mansuetus."

"Magharibi?"

"Mama Tadea. Kusini ni kanisa, katekista atasaini."

"Na kaskazini?"

Bonifasia akainua macho kwenye mstari wa masale, mimea iliyopandwa kuwa mpaka, juu kilimani. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Wifi yangu. Kaskazini ni Wilfred."

Aurelia akaona shamba lake likiondoka, mti baada ya mti. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko. Bonifasia akadakia, akaketi palepale shimoni akijipiga mapaja.

"Nani kawatekenya?" Wilfred alikuwa amesimama kati ya masale, panga mkononi. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mshindi wa kesi. Njoo usaini."

"Nisaini nini?"

"Dhamana ya kukuzuia wewe."

Wilfred akamtazama shemeji yake, akamtazama dada yake. "Mnataka nijifungie mlango kwa mkono wangu?"

"Hatukulazimishi, shemeji," Aurelia alisema polepole. "Saini inasema tu kwamba mpaka huu unaujua. Kama huujui, tutamwambia mwenyekiti kuwa huujui."

Wilfred akakuna kidevu. Kesi yote aliishinda kwa kuapa kwamba anaijua mipaka ya baba, hatua kwa hatua. Akanyoosha mkono apewe daftari, akasoma, uso ukabadilika.

"Hii nini? Upande wangu hatua arobaini na tatu? Nani kapima?"

"Mimi," alisema Bonifasia.

"Hatua zako za kuku, dada! Na nyingine umeipima shimoni. Ukiandika hivi, sale langu la juu linakuwa lako. Sisaini uongo."

"Na ukweli je?" Aurelia aliuliza.

Wilfred alikwishaanza kukunja suruali. "Ukweli nitasaini. Ila tutaonana mahakamani Mbinga mjini, shemeji, na nitakushinda tena."

"Nishinde kwa sababu zako mbele ya hakimu. Usinishinde kwa kuniwahi na kikapu cha kuchumia."

Wilfred akaguna, lakini tabasamu lilimponyoka. Akashika kamba. Wakaanza upya toka mwanzo, yeye mbele akihesabu kwa sauti ya kwaya, dada yake nyuma akimsahihisha kwa makusudi, Aurelia akiandika na kufuta. Kila Wilfred alipotumbukia ngoroni, wanawake walimuuliza kama na hiyo iandikwe. Mara ya tatu akajibu, "Andikeni, nimechoka!"

Walipomaliza upande wa mashariki giza lilikuwa linaingia na ukungu ulishashuka, masale hayaonekani tena.

"Basi," alisema Wilfred. "Nikipima gizani mtasema nimeiba. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, tumalizie pande tatu."

"Utakuja kweli?" Aurelia aliuliza.

"Sasa nimwachie dada apime?"

Akafunga kamba kwenye kigingi ilipofikia, akapanda kilima akiokota panga lake njiani. Aurelia akaandika namba ya mwisho. Palipoandikwa kaskazini arobaini na tatu ilishafutwa, na saini bado haikuwapo. Akafunika daftari.