Kisanduku cha Njano

Mjomba Hezekiah alisema ataniachilia siku programu itakapompendeza. Nami, mjinga wa mwisho, nikaamini kuna siku kama hiyo.

Alikuwa meneja wa chama kimoja cha ushirika wa kahawa karibu na Wamagana, na mimi ndiye niliyewatengenezea programu ya kompyuta ya kuweka rekodi ya kilo za kahawa za wakulima. Ilikuwa mwaka wa 1997, na pale ofisini aliyejua kazi hiyo ni mimi tu. Mjomba ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanisomesha mpaka nikapata diploma, kwa hiyo chuo kimoja cha Meru kiliponipa kazi ya kufundisha, ilibidi nimwombe ruhusa kwanza. Chuo kilinitaka Jumatatu iliyofuata. Monicah, karani mwenzangu, nilikuwa nimeshamfundisha kila kitu.

Shida ilikuwa kisanduku. Kilo za mkulima zikirekebishwa au kufutwa, kisanduku kidogo hujitokeza katikati ya skrini na kumuuliza meneja kama anakubali. Chini yake kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, na meneja hubonyeza mwenyewe. Ndivyo kamati ya chama ilivyoamua. Mjomba alikitazama akasema kina rangi ya bati kuukuu. Nikakipaka njano. Akasema maandishi ni madogo kama chawa. Nikayakuza. Kesho yake akataka yakolezwe weusi, kisha kitufe cha Ndiyo kihamie kona ya kulia na kikae hapo hapo siku zote, kisitangetange. Nikafanya. Akataka herufi zikuzwe tena. Kufikia Ijumaa kisanduku kilikuwa kimejaa skrini nzima, kibaya kama bango la mnada, na bado mzee anakunja uso na kuniambia nijaribu tena.

Nilikasirika. Niliona wazi kwamba ni ujanja wa kunifunga pale, kwamba nitazeekea katika ofisi ile inayonuka maganda ya kahawa, nikipaka visanduku rangi. Kwa hasira nikafuta swali lote. Mahali pake nikaandika: "Utaniachilia lini, mzee mkaidi?" Nikamwita, nikasimama kando, nikangoja afoke. Nilitaka sana afoke. Ningepata sababu ya kutoka na mlango nikaubamiza.

Mjomba akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akanyooka na kutabasamu.

"Sasa hapo umefanya kazi," akasema. "Hii iko sawa. Hata mtoto anaweza kusoma."

Akapeleka mshale kona ya kulia, akabonyeza.

Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikaelewa. Nilifunga mlango nikamuuliza polepole haoni tangu lini.

Hakubisha. Alipapasa kiti, akaketi, akauliza nani mwingine anajua. Nikamwambia hakuna. Basi akanieleza kwamba daktari wa macho mjini Nyeri alishamwambia hakuna miwani itakayomsaidia tena, na kwamba kamati ikisikia itamtoa siku hiyo hiyo. Miaka yote aliyowafanyia kazi itakwisha hivyo, kwa kusukumwa nje kama mwizi. Alisema hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mimi nilikuwa nafikiria lingine. Swali lolote litakalotokea, mzee huyu atabonyeza kona ya kulia, na siku moja jasho la mkulima la msimu mzima litafutika. Anahitaji mtu wa kuketi kando yake na kumsomea. Mtu huyo hawezi kuwa Monicah, aliyeolewa na mtoto wa mwenyekiti wa kamati. Anachokiona asubuhi, mwenyekiti hukila na chakula cha mchana.

Mjomba akashika mkono wangu.

"Wewe enda, Wamucii," akasema. "Jumatatu uende Meru. Masomo yako si ya kukaa hapa kuniangalia. Mimi nitajipanga."

Alisema kweli, bila ujanja wowote. Neno hilo nilikuwa nimelingoja tangu barua ya chuo ifike, na sasa nililisikia nikatamani asingelisema. Nilimchukia kwa kunipa ruhusa hiyo. Nilimpenda pia, na hilo liliniuma zaidi.

Nilirudisha swali la kawaida kwenye kisanduku, nikamwambia Monicah kwamba programu ina kasoro na kazi ya kuketi na meneja nitaendelea nayo mwenyewe. Akauliza mpaka lini. Nikasema sijui. Kisha nikainua simu ya ofisi kupiga Meru, niwaambie sitakuja. Opereta wa posta aliniuliza mara mbili nataka nambari gani, nikashindwa kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia. Mjomba alikuwa ameniachilia, na sasa sikuwa na mtu wa kumlaumu.