Japani ya Mzee Katongo

Kaka yangu Anaclet alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu aliye hai, na jambo hilo lilinikera kuliko joto la siku ile.

Kiti chenyewe kilikuwa cha Zéphirin, kaka yetu mkubwa, yaya wetu kama tunavyosema, baba wa bibi harusi Précieuse. Kwetu, siku wakwe wanapoleta mahari, baba ndiye anayemwuliza binti yake mbele ya familia zote mbili: hivi vitu tupokee, au tuvirudishe? Binti akisema pokea, baba anakunywa glasi yake, na hapo neno limekwisha. Mtu mwingine haulizi swali hilo mpaka baba awe amekufa. Zéphirin hakuwa amekufa. Alikuwa amezibiwa tu ndani ya mji wetu wa Kivu ya Kaskazini, ambao sitautaja jina kwa sababu bado nina watu humo. Wenye bunduki walikuwa wameuchukua, barabara zimefungwa, ndege hazitui, simu hazishiki. Akitaka kutupigia, ilimbidi apande mlima hadi mahali ambapo simu inanasa mtandao wa upande wa pili wa mpaka, aongee haraka, kisha ashuke kabla ya doria kupita.

Anaclet aliogopa. Simlaumu kwa kuogopa, namlaumu kwa alichokifanya na woga wake. Tangu mji uanguke, sisi wafanyabiashara wa kule tulikuwa tunaangaliwa kwa jicho la pembeni hapa Lubumbashi. Ukiongea Kinande, lugha yetu, sokoni, mtu anageuka kukutazama.

"Kupigia bantu ya kule mbele ya bantu, njo kutafuta matatizo," aliniambia asubuhi. "Batasema tunatumika nabo. Mi njo nitauliza mutoto. Yaya Zéphirin tumuhesabu sawa hayuko."

"Hayuko ni ya bantu balikufa," nikamjibu. "Yaya iko muzima. Toka mu kiti yake."

Hakutoka. Alivuta tai yake ikae sawa na kuagiza soda.

Précieuse alikuwa chumbani kwangu na liputa lake jipya la kitenge, maana bibi harusi hatoki nje mpaka aitwe. Ni mwalimu wa hesabu, na akishasema jambo halirudii. "Tantine," aliniambia mimi shangazi yake, "kama papa haniulize, mi sitajibu."

Basi wakwe wakafika, wakajaza uwanja wetu wa hapa mtaa wa Kenya hadi ukutani. Ni familia ya zamani ya hapa, watu wa Kasenga waliohamia mjini enzi za babu zao, na walikuja na makapu ya samaki wakavu yaliyonukia hadi barabarani. Msemaji wao alikuwa mzee Katongo, baba mdogo wa bwana harusi Kabwe: mtu mfupi, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Nilimweleza shida yetu waziwazi, huku Anaclet akinikonyeza ninyamaze.

"Siye hatuna shida," alisema mzee Katongo. "Papa yake aulize na telefone. Lakini tusikie bote. Kama muntu moja tu njo anasikia mu sikio, kesho mutasema papa alikatala."

Hakukosea. Sasa, tusikie wote kwa njia gani? Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Spika ndogo ya Kichina ilikoroma mara moja ikafa. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi mji mzima, na ile kidogo tuliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya gari letu, Noah ya kutoka Japani. Lakini Noah hiyo ndiyo ilikuwa tegemeo langu. Mume wangu Paluku ni shemasi na mwanakwaya, na kanisa letu linapohubiri barabarani, gari letu ndilo linalobeba sauti. Nyuma, mahali ambapo wenzetu huweka mizigo, Paluku amefunga spika mbili za kuamsha mtaa. Simu inaungana na kile kioo cha redio pale mbele, kioo kinapeleka sauti nyuma, na hata wasiotaka kuokoka wanasikia.

Tulilisukuma gari hadi katikati ya uwanja. Paluku akawasha. Kioo kikawaka cheusi, kikaandika mistari ya Kijapani, kikakaa hivyo hivyo. Hakuna redio, hakuna simu, hakuna kitu.

Nilibonyeza vitufe vyote, vya juu na vya pembeni. Mistari ile ile.

"Ni batri," alisema Paluku kwa uhakika wa mtu asiyejua. Akafungua boneti, akatoa waya wa batri, akahesabu kimoyomoyo, akaurudisha. Mistari ile ile. Akatafuta fyuzi ya redio chini ya usukani, akaichomoa, akaiinua juani. Ilikuwa nzima. Akaipangusa kwa shati lake jeupe la sherehe na kuirudisha. Mistari ile ile.

"Josée," akasema, "tuombe."

"Omba ukishika tournevis," nikamwambia, na nikampa bisibisi mkononi.

Hapo simu yangu ikalia mara moja na kukatika. Namba ya upande wa pili. Ilikuwa ishara tuliyopatana: Zéphirin amefika katikati ya mlima, mtandao unapoanza kunasa, atapiga akifika juu, na hatapiga mara mbili. Nilimwona kaka yangu na goti lake bovu kwenye mlima ule, akipanda kwa ajili ya swali moja, na sisi huku tunashindwa na redio. Nililia kidogo, kwa hasira, nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya gari ili Anaclet asifurahi.

Lakini alikuwa ameona. "Munaona?" alisema kutoka kwenye kiti. "Hata Mungu anakatala. Tufanye haraka, mi niulize, tukule."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Précieuse akatoka, peku, bila kuitwa na mtu. Wamama wa upande wa wakwe wakashika midomo. Hakuwatazama. Alipanda kwenye gari, akapiga magoti kwenye kiti cha mbele na liputa lake jipya, akakitazama kile kioo kama anavyotazama daftari la mwanafunzi aliyekosea.

"Tantine, hii haisemi imekufa," alisema. "Angalia pa chini. Kuko kapicha."

Kweli, chini ya maandishi kulikuwa na kapicha kadogo ka kadi iliyokatwa pembe moja, na mshale unaoingia. Sisi wote tulikuwa tunahangaika na maandishi tusiyoyajua, kapicha hatukukaona.

"Inaomba kitu," alisema. Akatafuta kitufe cha kufungulia, kioo kikainama mbele taratibu, na nyuma yake kukaonekana tundu jembamba lenye kadi ndani yake. Akaichomoa. Juu yake palikuwa na kipande cha plasta, na kwenye plasta, kwa mwandiko ulionioa, pameandikwa KWAYA.

Nilimgeukia Paluku.

"Mbele ya kwaya, mulikuwa nini umu?"

"Carte tu," alisema, yaani ramani.

"Carte ya wapi?"

"Ya Japani." Akajitetea upesi, "Josée, tuko Lubumbashi! Carte ya Japani tutaifanya nini? Niliifuta juzi, nikaweka nyimbo ya fete. Nilizani minasaidia."

Na kusema kweli, nani hapa mjini asingefanya hivyo? Kila siku ramani ile ilituonyesha barabara za Wajapani wakati sisi tunakwepa mashimo ya Kenya. Nani angejua kwamba gari hilo haliongei na mtu mpaka lihakikishe kwanza Japani bado ipo? Lakini siku ile sikuwa na huruma ya kumgawia mtu. Nilimwita mume wangu majina ambayo shemasi hapaswi kuitwa mbele ya wakwe, na wakwe walicheka, na hilo lilitusaidia kidogo.

Précieuse hakucheka. Alikuwa anatazama getini. Pale nje, kwenye kivuli cha ukuta, lilisimama gari la mzee Katongo, nalo Noah, ndugu wa la kwetu kabisa, rangi ya maziwa, na kioo kile kile.

Alishuka, akavuka uwanja mzima peku, akapiga goti mbele ya baba mkwe wake.

"Papa Katongo," alisema, "ninaomba munipe Japani yenu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mzee Katongo mwenyewe aliuma mdomo.

"Nikiitosha mu gari yangu, itakufa?"

"Italala tu, papa. Tutairudisha."

Mzee hakutoa ufunguo. Alimtazama Anaclet kwenye kile kiti. "Na weye mukwe, unakubali?"

"Mi ninakatala," alisema Anaclet. "Haina muzuri. Avenue nzima itasikia tunaongea na kule. Kesho batakuya kutuuliza maswali. Mi njo mukubwa hapa."

Samaki wa Kasenga walinuka. Nilifungua mdomo nimjibu, mzee Katongo akaniwahi.

"Mi nilikuya kuomba mutoto ya muntu," alisema polepole. "Kama huyu muntu iko, ninataka nimusikie." Akamrushia Précieuse ufunguo.

Kadi yake haikuwa na plasta wala kwaya. Précieuse aliiingiza kwenye tundu, kioo kikainuka, kikafikiri sana, na mwanamke wa Kijapani akatusalimia kwa adabu kupitia spika za kanisa, hata mtoto mmoja akaanza kulia. Ramani ikafunguka. Ilituonyesha tuko katikati ya bahari.

"Aleluya," alisema Paluku kwa sauti ndogo.

Nilikuwa bado natafuta kitufe cha simu wakati simu ilipolia. Ililia mkononi mwangu, kisha ikalia kwenye kioo, kisha ikalia nyuma, kwenye spika, kwa ukubwa ambao nadhani hata watu wa Karavia, upande mwingine wa mji, waliusikia.

"Pungusha!" Anaclet alipiga kelele. "Josée, pungusha sauti!"

Niliongeza. Nilizungusha kile kitufe hadi kikagoma. Niliwachoka wenye bunduki, niliwachoka wanaotuangalia kwa jicho la pembeni, na zaidi ya wote niliichoka tabia yetu ya kunong'ona jina la kaka yetu kana kwamba ameiba.

"Avenue isikie," nikasema, na nikapokea.

Kwanza ulikuja upepo. Kisha pumzi za mtu aliyepanda. Kisha, "Allô? Josée? Munanisikia?"

"Tunakusikia, yaya. Bantu bote."

"Bakwe, jambo yenu. Musinikamate mubaya, niko mbali kidogo." Akakohoa. "Anaclet iko?"

Macho yote yalikwenda kwenye kiti.

"Anaclet, mudogo wangu. Uko apo?"

Anaclet alisimama. Nilimwona akisimama, na sitasahau jinsi mikono yake ilivyokwenda mgongoni kama zamani tulipokuwa wadogo na Zéphirin anaingia nyumbani.

"Niko, yaya," alisema kwa sauti.

"Kiti yangu muliweka?"

"Iko hapa, yaya." Alikitazama. "Haina muntu ndani."

"Asante, mudogo wangu. Précieuse, mama. Hii bintu bakwe balileta, tupokee ao turudishe?"

"Pokea, papa!"

Upepo ulimfunika. "Sisikie. Tupokee ao turudishe?"

Précieuse alishika mlango wa gari kwa mikono miwili na kupiga kelele ambayo mwalimu wa hesabu hapigi darasani. "Pokea, papa! Pokea!"

Alicheka kule juu. "Bon. Hapa sina pombe. Niko na maji mu chupa. Ninakunywa."

Tukamsikia akinywa. Spika zile za kanisa zilitupa kila funda, uwanjani na barabarani, na ng'ambo ya ukuta jirani yetu Huguette, ambaye tangu vita vianze hakuwa ananisalimia, akapiga kigelegele. Mwingine akamjibu, kisha avenue nzima. Simu ilikatika katikati ya kelele hizo. Siku ya pili tulipata ujumbe wa neno moja: nilishuka. Usiku ule wa katikati, wa kungoja, sitauelezea.

Jioni, wakwe walipoanza kuaga, Paluku alichomoa kadi, akaipangusa, akampelekea mzee Katongo kwa mikono miwili. Mzee hakuipokea.

"Rudisha mu gari yenu," alisema. "Siku papa ya huyu mutoto atafika Lubumbashi, yeye mwenyewe aniletee."

Aliondoka na gari bubu, na nasikia hadi leo anapiga mluzi njiani kwa kukosa redio. Kadi iko kwetu, hakuna anayeruhusiwa kuigusa, Paluku kuliko wote. Kila asubuhi nikiwasha gari, yule mama wa Kijapani ananisalimia na kunionyesha tuko baharini. Namwambia asubiri kidogo, mwenye kumrudisha kwao yuko njiani.