Chura Haoti Pezi

"Vyura! Umeniletea vyura ndani ya nyumba, halafu unaniambia nisubiri!"

"Ni kambare, kaka."

"Kambare gani hana pezi? Siku ya tano leo!"

Alfredi alipiga meza, maji yakaruka kwenye beseni. Modest akalikumbatia beseni kwa mikono miwili. Humo ndani vidude vyake vilikuwa vinahangaika, vichwa na mikia tu, kila kimoja na kifuko cha kiini tumboni.

Yaani chanzo chenyewe kilikuwa hivi. Mashamba ya ngano kule Hanang yalipobinafsishwa, Modest akapunguzwa kazi, akarudi Maretadu kwa kaka yake mkubwa. Kaka akampa kipande cha bondeni alime maharage. Yeye akachimba bwawa! Akaenda ziwani Basotu, akarudi na majani yaliyogandiwa na mayai ya kambare. Mtaalamu wa samaki wa mkoa, huu mkoa mpya, alishawaambia Modest na wenzake kwenye semina kwamba siku ya tatu mapezi yanaanza kuota. Basi Alfredi akasema, sawa, nionyeshe mapezi, bwawa libaki. Nikiona vyura, nalivunja.

Ila mtaalamu alikuwa anaongelea joto la Babati. Maji ya Maretadu yanauma meno. Kila kitu kikachelewa.

"Pezi la kwanza lipo tangu kwenye yai," Modest akasema. "Utando, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Unaanzia mgongoni, unazunguka mkia, unarudi tumboni. Baadaye ndio unakatika, kila pezi linabaki lake."

"Kiluwiluwi naye ana utando mkiani. Unanifundisha vyura mimi? Nimezaliwa hapa."

"Ndiyo maana nakwambia angalia ubavuni! Ndama anazaliwa na pembe? Si unapapasa kwanza kinundu?"

"Ndama mama yake namjua. Wako hawa mama yao nani?"

Konsolata, mke wa Alfredi, akacheka kidogo. Akachukua lenzi ya kukuzia ya Modest, akainamia beseni mpaka kilemba kikagusa maji.

"Baba Eva," akasema. "Hapa nyuma ya kichwa. Kuna vinundu viwili, huku na huku. Vimechongoka."

"Hayo ni macho."

"Macho nayaona, yapo mbele. Hivi vinapunga! Kama kifaranga anayejaribu mabawa."

Modest akainama naye. Jana usiku havikuwepo. "Ndiyo mapezi ya ubavuni hayo, shemeji. Chura haoti pezi ubavuni, anaota miguu. Kaka, angalia mwenyewe."

"Siangalii."

"Unaogopa?"

Hapo alimgusa. Alfredi akanyakua lenzi, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaiweka lenzi mezani taratibu.

"Haya. Ni samaki."

"Kwa hiyo bwawa linabaki."

"Bwawa nimelikata ukingo asubuhi, wewe umeenda kuchunga. Limebaki tope."



"Baba Eva!" Konsolata akasema. "Si ulisema asubiriwe aonyeshe?"

"Shamba langu. Mama yetu amekufa hajawahi kuweka samaki mdomoni, leo nifugie samaki kwenye maharage yake?"

"Sasa muda wote huu ulikuwa unanipigia kelele za nini?" Modest aliuliza.

"Nilitaka useme mwenyewe kwamba ni vyura."

Modest aliinua beseni, akalibana kifuani, shati likalowa. Kule Dongobesh kwa Musa, mfanyabiashara aliyekaa naye kwenye semina, kulikuwa na tangi la saruji lenye maji. Kwa mguu, bila kumwaga, angefika jioni.

"Ukitoka na hao vyu... na hao samaki, usirudi nao," Alfredi akasema.

"Shemeji," Konsolata akaita kwa sauti ndogo, "beseni langu hilo."

"Nitalituma, shemeji."

Akavuka kizingiti. Mikono ilikuwa imejaa, akauvuta mlango kwa kisigino, ukajifunga puu!