Iko Karibu Kuliko Jana

Kule Isebania sikuwa na ubao. Dahir alinipa kona ya duka lake la magodoro, saa za jioni wateja wakipungua, nami nikapanga viti vitazame mlango. Barabara ndiyo ilikuwa ubao wangu. Trela inaelekea Sirare, ng'ambo ya mpaka, bodaboda imebeba mbuzi, basi, mkokoteni wa maji. Kila mwanafunzi anachagua viwili anavyoviona, anavilinganisha kwa Kiingereza: hiki ni kikubwa kuliko kile, hiki kina kelele kuliko kile. Akikosea, wenzake wanampigia honi kwa mdomo. Mchezo huo niliutoa Homa Bay, nilipokuwa nafundisha vijana wa hoteli. Mtu akishapigiwa honi hasahau.

Wanafunzi walikuwa watatu. Dahir mwenyewe, aliyechoka kuongea na mawakala wa mizigo kupitia midomo ya wengine. Byron wa bodaboda, ambaye Kiingereza chake kilikuwa matusi matupu. Na Helen, mama wa kubadilisha pesa pale mpakani, shilingi ya huku kwa ya kule, mkoba wake umefungwa tumboni ndani ya sweta. Jioni Byron ndiye aliyekuwa akimpeleka kwake, nje kidogo ya mji, njia inayokata mashamba ya miwa.

Siku ya kwanza ya masomo ya magari Helen alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwa Noah ya kijivu iliyosimama karibu na kinyozi.

"*That Noah is older than the lorry.*"

Byron akapiga honi. "Mama Helen, hiyo gari ni mpya! Ni vumbi tu. Ioshe kwanza ndio uitukane."

Tukacheka. Siku iliyofuata akaichagua tena, akasema ni chafu kuliko basi. Nikamwambia, mama, barabara imejaa, tafuta nyingine. Hakutafuta. Somo la tatu hata hakungoja zamu yake. Alisema kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"*That Noah is nearer than yesterday.*"

"Vizuri sana!" nikasema, tena nikapiga makofi. Ndipo nikaona mikono yake. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti mpaka vidole vimebadilika rangi.

Nikatazama nje. Haikuwa tena kwa kinyozi. Ilikuwa upande wetu, hatua chache kutoka mlangoni, vioo vyeusi vimepandishwa, injini inanguruma polepole.

"Jana usiku ilikuwa nyuma yetu mpaka kwenye miwa," Helen akasema. "Byron alifikiri ni mteja wa baa. Hata Bathsheba walimfuata hivyo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bathsheba alikuwa akisimama naye pale pale mpakani, mwavuli mmoja, kazi moja. Alikutwa ndani ya miwa mwezi uliopita. Yuko hai, lakini mpaka leo haongei, anatazama tu ukuta.

"Twende kwa askari," nikasema.

"Useme nini, mzee?" Dahir akauliza. "Gari imesimama? Gari kusimama si kosa. Na kutoka hapa hadi kituoni kuna barabara ya kutembea."

"Mayaka yuko kwenye yadi ya malori," Helen akasema. Mayaka ni shemeji yake, anabeba vitunguu kutoka Tanzania. "Anapakia kwenda Homa Bay. Nikimfikia, nimepona. Lakini nitamfikia vipi?"

Byron alitaka kumpakia na kukimbia. Dahir akamuuliza kama pikipiki yake ina mbio kuliko Noah. Byron akafikiri. "Hapana, omera, ndugu yangu," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilinganisha bila mzaha.

Nje ukapita mkokoteni. Nadhani tuliuona sote kwa pamoja, maana Dahir aligeuka akatazama wake, pale stoo, aliokuwa akipelekea wateja magodoro.

"Nani atasukuma?" akauliza. "Mimi wananijua. Byron ndiye wanayemngoja."

Wote wakanitazama.

"Jaduong', usikasirike," Byron akasema, "lakini mzee akisukuma mkokoteni hakuna anayemuona."

Nimelala stendi nyingi na nimevuka mipaka ambayo sikuwa na haki ya kuvuka. Lakini mkokoteni sikuwa nimewahi kusukuma. Tulimlaza Helen katikati ya magodoro, mawili chini, mawili juu, tukafunga kamba. Byron akatoka mlango wa mbele, akakaa juu ya pikipiki yake akitafuna muwa, kama kawaida yake akimngoja Helen. Nami nikatokea kichochoro cha nyuma.

Kichochoro kile, bahati mbaya, kinatokea nyuma ya ile Noah. Nikainamisha kichwa, nikasukuma. Nilipofika usawa wa taa zake za nyuma, gurudumu likaingia mtaroni.

Nikavuta. Halikutoka. Nikavuta tena, na magodoro yakainama, na kutoka ndani nikasikia pumzi ikikatika. Mlango wa Noah ukafunguka.

"Pole, mzee. Umelemewa?"

Kijana nadhifu, shati jeupe, anatafuna pipi ya mnanaa.

"Kidogo tu, kijana. Endelea na yako."

"Ala! Nikuache na mvi hizo, mama yangu ataniambia nini?"

Akakunja mikono ya shati, akaegemeza bega kwenye godoro. Bega lake na kichwa cha Helen, katikati ni sponji tu. Tukasukuma. Gurudumu likatoka. Lakini mkono hakuuondoa.

"Magodoro gani haya? Ni mazito kuliko ng'ombe."

Sijui maneno yalitoka wapi.

"Yalinyeshewa. Godoro likinyeshewa ni zito kuliko maiti."

Akacheka. "Mzee una maneno." Akalipapasa godoro, mara mbili, kama mtu anavyompapasa mnyama anayetaka kumnunua. "Yule mama wa pesa bado yuko darasani?"

"Yuko. Kiingereza kinamsumbua."

"Mwambie asichelewe. Njia yake ni mbaya."

Nikasukuma. Mgongo wote ulikuwa ukisikiliza. Kila honi iliyolia nyuma yangu niliihesabu kuwa yake.

Yadini, nyuma ya lori la Mayaka, tulifungua kamba. Helen alitoka na leso mdomoni. Alikuwa ameiuma mpaka imetoboka. Akanishika mkono.

"Mwalimu, usirudi pale."

"Mkokoteni ni wa Dahir," nikamjibu. Ndilo jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa, lakini ndilo lililokuja. Lori likaondoka.

Asubuhi Byron akapata ujumbe wa Helen: amefika Homa Bay kwa dada yake, amelala, ameamka. Mimi nilitaka kufunga virago. Dahir akakataa. "Darasa likikosekana leo, watajua ni sisi. Fundisha hata somo moja, mzee, kisha uende."

Basi jioni tukakaa watatu, kiti cha Helen kitupu. Noah haikuwepo. Nilikuwa nimeanza kupumua kilipoingia kivuli mlangoni, kisha harufu ya mnanaa.

"Mwalimu," akasema, "hata mimi nataka Kiingereza."

Akakaa kwenye kiti cha Helen. Akatazama barabara kwa utulivu, mwanafunzi mzuri. Kisha akageuka, akatazama mkokoteni uliokuwa stoo, akautazama sana.

"*The handcart,*" akasema taratibu, "*is faster than my car.*"

Mkokoteni wetu una mbio kuliko gari lake. Byron alikuwa amefunga macho.

"Mbona hamnipigii honi?" akauliza. "Si huwa mnapiga? Nimekosea?"

"Hapana," nikasema. "Uko sawa."

"Ameenda wapi?"

"Sirare," Dahir akasema haraka. "Alivuka jana."

Yeye hakumtazama Dahir. Alinitazama mimi, akingoja, huku akitafuna pipi. Nikaona wazi kwamba jibu langu ndilo ukuta pekee uliobaki kati yake na Homa Bay.

"Sirare," nikasema. "Nilimvusha mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole kama anayekubali, akasimama, akarudisha kiti mahali pake.

Usiku ule ule niliondoka, nikaelekea Ogwedhi, upande ambao si wa Sirare wala wa Homa Bay. Huko bado nafundisha. Nafundisha matunda, nafundisha mifugo. Viti vyangu vinatazama ukuta.